Kutumia jokofu la gesi katika tela la kulala kwenye barabara za Lindi na Mtwara

Anayevuta tela la kulala kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko, Lindi, Mikindani au Msimbati hukabiliwa na swali moja kabla hata ya kuwasha gari: je, mwali wa jokofu uachwe ukiwaka njia nzima, au mtungi ufungwe hadi atakapofika? Jibu la mwongozo huu ni kwamba mtungi ufungwe. Baridi ya safari huandaliwa usiku wa kuamkia safari, hulindwa njiani kwa barafu na kwa mlango usiofunguliwa ovyo, na gesi huwashwa tena pale tela linaposimama mahali tambarare. Yanayofuata ni maelezo ya sababu za jibu hilo, na ya namna ya kulitekeleza katika joto, chumvi na upepo wa pwani ya kusini bila kutupa samaki wala maziwa.

Jokofu lisilo na kompresa

Jokofu la gesi halina kompresa wala mota ya kusukuma chochote. Ni mfumo wa mabomba yaliyofungwa yenye maji, amonia na hidrojeni, na kazi yote hufanywa na joto la mwali mdogo unaowaka chini ya bomba lililoko nyuma ya jokofu. Mwali huo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hutoka kama mvuke, hupanda hadi kwenye mapezi ya juu, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hushuka kwenye mabomba ya ndani ya sanduku, ambako hukutana na hidrojeni na kugeuka tena kuwa mvuke huku ikinyonya joto la chakula. Mvuke huo hurudi chini, humezwa na maji, na mzunguko huanza upya. Mfumo huu ulibuniwa mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, waliokuwa wanafunzi wa uhandisi mjini Stockholm, Sweden. Msomaji aliyepata kuona jokofu la mafuta ya taa katika zahanati ya kijijini au katika nyumba ya misheni ameshauona. Pale utambi ndio uliofanya kazi ya kichomeo cha gesi.

Kwa kuwa hakuna pampu, vimiminika hivyo hurudi chini kwa mteremko wa mabomba peke yake, na hapo ndipo zilipo sheria mbili za jokofu hili. Ya kwanza ni kwamba likiwaka mahali penye mwinamo kwa muda mrefu, kimiminika hutuama mahali kisipotakiwa, bomba la kuchemshia hukauka huku mwali ukiendelea kulichoma, na dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa humo, sodiamu kromati, hugeuka chembechembe ngumu na kuziba njia. Jokofu lililoziba hivyo halitengenezeki kwa fundi wa kawaida. Watengenezaji wengi huruhusu mwinamo wa takriban digrii 3 kuelekea ubavu wa jokofu na digrii 6 kuelekea mbele au nyuma yake, lakini kitabu cha jokofu lako ndicho chenye neno la mwisho. Sheria ya pili ni kwamba joto linalotolewa na mapezi ya nyuma lazima lipate pa kutokea. Matundu mawili yaliyo kwenye ukuta wa nje wa tela, moja chini na jingine juu, yamewekwa kwa kazi hiyo, na kuyaziba kwa turubai au mizigo ni sawa na kulizima jokofu lenyewe.

Gari likiwa linatembea, mwinamo hubadilika kila mara, kimiminika hutikiswa na kurudi njiani, na mabomba hayapati madhara. Ndiyo maana madereva wengi wa Marekani huacha jokofu likiwaka wakiwa barabarani, na wengi wao hufika salama. Msomaji asidhani basi kwamba tunaagiza mtungi ufungwe kwa kuwa jokofu litaharibika. Mwendo hauyadhuru mabomba yake; hatari iko kwingine.

Kwa nini mwali uzimwe

Jokofu likiwaka njiani, vali ya mtungi iko wazi na bomba lote kutoka mbele ya tela hadi nyuma ya jokofu limejaa gesi. Jiwe likirushwa na gurudumu, tela likigonga kisiki au likipinduka, bomba hilo laweza kukatika, na mtungi utaendelea kumwaga gesi mahali ambapo tayari kuna moto. Kuna vifaa vinavyofunga gesi vyenyewe vikihisi mgongano au vikihisi mpira umepasuka, na katika baadhi ya nchi za Ulaya kifaa cha namna hiyo ni sharti kwa anayetaka kutumia gesi gari likitembea. Matela mengi yaliyotumika ambayo hununuliwa na kuingizwa nchini hayana kifaa hicho, na kuwapo kwake hakuonekani kwa macho ya mnunuzi asiyeelezwa.

Sababu ya pili ni sheli. Kichomeo cha jokofu kiko nyuma ya tundu la hewa lililo wazi, mara nyingi kwenye kimo cha goti, na mvuke wa petroli hutambaa chini. Dereva huzima injini, huzuia abiria wasivute sigara, naye huku nyuma ameacha mwali unaowaka mita chache kutoka kwenye pampu. Katika vijiji ambako petroli huuzwa kwa chupa kando ya njia, tahadhari ni ileile, na pengine kubwa zaidi kwa kuwa hakuna anayekuelekeza pa kusimama. Baadhi ya mahandaki ya Marekani hukataza magari yenye gesi kupita, au hudai mitungi ifungwe kwanza. Kwetu handaki si shida, lakini vivuko tunavyo, kama cha Lindi na Kitunda na kile cha Msangamkuu mjini Mtwara, na ndani ya chombo chenye abiria na pikipiki zenye matangi ya mafuta hakuna hoja inayoweza kutetea mwali uliofichika.

Sababu ya tatu ni ya kawaida zaidi. Upepo wa mwendo huzima mwali mara kwa mara, jokofu lenye kiwashio cha umeme hujaribu kuuwasha tena na tena, na lisilo na kiwashio hubaki limezimwa bila dereva kujua, hivyo kwamba anayeamini amesafiri na baridi hufungua mlango jioni akakuta vuguvugu. Hapo amebeba hatari yote bila kupata faida yake.

Uchache wa gesi si sababu. Jokofu la lita 100 hivi hutumia kati ya gramu 250 na 400 za gesi kwa saa 24, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 hukaa wiki mbili au zaidi kama hautumiki kupikia.

Mtungi, reguleta na mpira

Mtu wa Mtwara ana kila sababu ya kudhani kwamba anaijua gesi, kwa kuwa visima vya Mnazi Bay viko mlangoni pake na umeme wa mji wake umekuwa ukizalishwa kwa gesi hiyo kwa miaka mingi. Lakini gesi ya Mnazi Bay, kama ile ya Songo Songo kule Kilwa, ni methani kwa sehemu kubwa, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu na kutoka dirishani. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa nchini kwa meli, na mchanganyiko huo ni mzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mbili. Ukivuja ndani ya tela hushuka, hujaa sakafuni, huingia chini ya kitanda na kukaa humo ukingoja cheche. Kufungua madirisha ya juu hakusaidii sana. Tela lazima liwe na matundu ya sakafuni yasiyozibwa na zulia, na king'ora cha gesi, kama kipo, hufungwa karibu na sakafu. Hewa ikiwa na propani kati ya asilimia 2 na 10 hivi hulipuka, na harufu kali inayokuamsha usiku ni dawa iliyotiwa makusudi, kwa maana propani yenyewe hainuki.

Mtungi ukae nje, mbele ya tela, juu ya mkono wa kuvutia au ndani ya kisanduku chenye tundu la chini linalotokea nje, usimame wima na ukazwe kwa mkanda wa chuma. Ukilazwa, gesi iliyo kimiminika huingia kwenye reguleta badala ya mvuke, na kimiminika kidogo huzaa mvuke mara 270 hivi ya ujazo wake. Mtungi unaolala ndani ya chumba pamoja na watoto, hata kama umefungwa, si mpango wa safari.

Reguleta ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Jokofu la tela huhitaji mgandamizo mdogo, milibari 28 hadi 30 kwa majokofu mengi, ambao ni sawa na ule wa jiko la kawaida la nyumbani. Zile reguleta zenye kitasa cha kuongeza mgandamizo, zinazofungwa kwenye majiko ya mama lishe na ya wakaanga chipsi, hazifai kabisa. Zitasukuma mwali mrefu juu ya dohani na kuyeyusha kilicho karibu. Jambo jingine ni kwamba midomo ya mitungi ya kampuni mbalimbali hailingani. Kabla ya kubadilisha mtungi Masasi au Newala, beba reguleta yako mkononi uijaribu dukani, au anza safari na mtungi uliojaa ambao hutalazimika kuubadilisha.

Mpira wa gesi huwa na tarehe iliyochapwa ubavuni, na wa pwani huzeeka upesi kwa jua na chumvi. Ukiukunja ukaona nyufa, utupe. Kila maungio yapimwe kwa povu la sabuni kabla ya safari na tena baada ya barabara ya changarawe, kwa sababu mtikisiko hulegeza nati zilizokazwa vizuri. Povu likiumuka, funga mtungi, kaza, pima tena. Kiberiti si kipimo.

Usiku wa kuamkia safari

Kosa la wengi ni kuliwasha jokofu asubuhi ya safari, wakalijaza vinywaji vya moto na kuondoka. Mfumo huu hupoza polepole. Kutoka joto la kawaida hadi baridi ya kuhifadhia chakula huchukua saa nyingi, na kwa hali ya hewa yetu ni busara kuupa usiku mzima. Tela lipo nyumbani na umeme wa nyumbani wa volti 230 upo: jokofu lenye njia tatu, yaani gesi, umeme wa nyumbani na umeme wa betri, liwashwe kwa umeme huo jioni ya kuamkia safari, na gesi ibaki imefungwa. Umeme ukiwa hauaminiki mtaani kwako, tumia gesi, maadamu tela limesimama mahali tambarare na penye hewa.

Vitu viingie vikiwa tayari baridi. Mwenye friji kubwa nyumbani apoze maji, maziwa, nyama na matunda humo kwanza, kisha avihamishe alfajiri. Jokofu la gesi lina uwezo mzuri wa kulinda baridi na uwezo mdogo wa kuitengeneza, na anayelielewa hivyo halitaabishi. Lijazwe, lakini hewa ipate kupita kati ya vyombo. Mapezi ya baridi ya ndani yasigusane na mfuko wala boksi.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni barafu. Gandisha chupa za plastiki zenye maji, uziache pungufu kidogo ili zisipasuke, uziweke rafu ya juu asubuhi unapozima. Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya takriban kilojuli 334. Tukichukua kwamba joto la nje huingia katika jokofu la lita 100 kwa kiasi cha wati 40, ambacho ni makisio ya mtu mwenye hadhari katika joto la nyuzi 31 au 32, chupa za jumla ya kilo 4 zitafunika muda wa saa 9. Safari ya kutoka Lindi hadi Mtwara, yenye kilomita zaidi ya 100 kidogo, ni ya saa mbili hivi, na jokofu lililopozwa vizuri halihitaji hata hizo chupa. Safari ya Dar es Salaam hadi Mtwara, ya kilomita 560 hivi, hula siku nzima kwa anayevuta tela, na hapo chupa ndizo zinazoamua kama nyama italiwa au itatupwa.

Samaki wabichi tusiwahesabu humo. Anayenunua changu au jodari sokoni na kuwatia kwenye jokofu la gesi wakiwa na joto la jua atapandisha joto la kila kitu kilichomo, na samaki wenyewe hawatagandishwa kwa wakati. Sanduku la barafu la pembeni, lenye barafu ya kusaga kama wanayotumia wachuuzi, ndilo mahali pao.

Njiani

Asubuhi, kabla ya kulifunga tela kwenye gari, zima jokofu kwa kitasa chake, kisha funga vali ya mtungi yenyewe. Kufunga jokofu peke yake hakutoshi, kwa sababu bomba hubaki limejaa kwa nguvu ya mtungi. Mlango wa jokofu una kitasa cha safari au komeo la ziada. Likaze, kwani matuta ya barabarani, hasa yale yanayofuatana kwenye kuingia vijijini, hufungua mlango uliofungwa kwa sumaku tu.

Je, umeme wa gari utumike? Jokofu lenye njia tatu hukubali volti 12, na kwa mwendo mrefu ni msaada wa kweli, mradi mtu asiutarajie makubwa. Kinu chake cha joto, yaani kipashio cha umeme kinachofanya kazi ya mwali, hula wati 120 hadi 170, yaani ampea 10 hadi 14, na umeme huo husafiri kutoka mbele ya gari hadi kwenye tela. Waya ukiwa wa milimita mraba 2.5 na umbali wa mita 7 kwenda na 7 kurudi, zaidi ya volti moja hupotea njiani kwa mkondo wa ampea 12.5. Volti moja na kidogo kati ya 12 yaonekana si kitu, lakini nguvu ya kinu hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo upungufu wa sehemu moja ya kumi hukunyang'anya karibu sehemu moja ya tano ya joto. Fundi umeme aliyezoea kufunga taa za tela atatumia waya wa taa; mwambie wazi kwamba unataka waya wa milimita mraba 6 kwa ajili ya jokofu peke yake, wenye fyuzi yake karibu na betri. Majokofu mengi hayana hata kidhibiti-joto kinachofanya kazi yanapotumia volti 12, hivyo kinu huwaka mfululizo.

Umeme huo ufungwe kwa rilei, yaani swichi inayojiendesha, inayoukata injini inapozimwa. Ukisimama Nangurukuru kwa chai na kuliacha jokofu likinyonya, betri ya ampea-saa 100 itapoteza nusu ya uwezo wake katika saa nne, na betri ya kawaida ya gari dogo haifikii hata ukubwa huo. Asiye na rilei azime kwa mkono kila asimamapo, na asiyejiamini kukumbuka ategemee barafu.

Mlango ufunguliwe mara moja tu njiani, ikiwezekana, na chakula cha mchana kiwekwe nje ya jokofu mapema, katika hotipoti au kapu lake. Weka kipimajoto kidogo ndani. Kikisoma chini ya nyuzi 5 za Selsiasi uko salama. Kikipanda juu ya hapo kwa zaidi ya saa mbili, nyama, maziwa na wali uliopikwa visisubiri jioni. Insulini ni habari nyingine kabisa: ambayo haijaanza kutumika yapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kuganda, na jokofu la tela hubadilikabadilika mno kwa kazi hiyo, kwani jirani ya mapezi hugandisha na mlangoni huwa joto. Isafirishwe katika kibebeo chake, karibu na mwenye kuitumia.

Kuegesha na kuwasha

Mahali pa kuegesha huamua kazi ya usiku. Chukua pimamaji, uiweke sakafuni mwa jokofu, kwanza kwa upana kisha kwa urefu, na upandishe gurudumu la upande ulio chini juu ya ubao hadi kiputo kikae katikati. Upande wa mbele na nyuma hurekebishwa kwa jeki ya mkono wa tela. Katika mchanga wa Msimbati ubao uwe mpana, na pimamaji isomwe tena asubuhi, kwa sababu tela huzama taratibu usiku na upande mmoja hutangulia.

Upepo nao una majira yake, na wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa. Wakati wa Kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo hutoka kusini-mashariki na jua la alasiri huwa upande wa kaskazini-magharibi. Ukuta wenye matundu ya jokofu utazame kaskazini-mashariki, ambako upepo hupita ubavuni bila kuingia moja kwa moja na jua la alasiri halifiki. Wakati wa Kaskazi mambo hugeuka, na ukuta huo hukaa vizuri ukitazama kusini-mashariki. Mkorosho wenye kivuli kizito ni rafiki wa jokofu, ila majani makavu chini ya tundu la hewa yafagiwe kwanza.

Baada ya hapo fungua madirisha na mlango, fungua vali ya mtungi polepole, geuza kitasa cha jokofu kwenye gesi, ubonyeze na kuwasha. Baada ya kufungwa siku nzima bomba huwa na hewa, kwa hiyo mwali hauwaki mara ya kwanza na hilo si tatizo. Ukiwaka, endelea kubonyeza kwa sekunde 15 au 20 ili kihisi kilicho kwenye mwali kipate joto na kuishikilia vali. Kikipoa, vali hujifunga yenyewe, nayo ndiyo kinga inayozuia gesi isimwagike mwali unapozimwa na upepo. Ukijaribu mara tatu bila mafanikio, funga, ngoja dakika tano gesi iliyotoka itawanyike, ndipo ujaribu tena. Mwali mzuri ni wa buluu, mfupi na mtulivu. Wa manjano unakosa hewa, unaacha masizi, na unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kwa sababu hiyohiyo nyuma ya jokofu pawe pamezibwa kabisa dhidi ya chumba cha kulala, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha.

Usihukumu kabla ya saa moja. Baada ya muda huo bomba la juu nyuma ya jokofu huwa la moto, na mapezi ya ndani huanza kuwa baridi kwa kuyagusa.

Likikataa kupoza

Mara nyingi dosari ni ndogo. Mwali dhaifu husababishwa na tundu la kichomeo lililozibwa na vumbi, kutu ya chumvi au utando wa buibui, na ukanda wetu una buibui na nyigu wanaopenda mno matundu madogo. Mtungi ukiwa umefungwa, fungua kinga ya kichomeo, fagia dohani kwa brashi ndefu, na uloweke kile kipande chenye tundu dogo katika spiriti kisha ukikaushe kwa hewa. Usikichokoe kwa sindano wala waya. Tundu likipanuka kidogo tu, mwali hauwi tena wa kipimo chake.

Mwali ukiwa mzuri, tela likiwa limesawazishwa na matundu yakiwa wazi, lakini ndani hakupoi, jaribu kwa umeme wa nyumbani. Likipoza kwa umeme, kosa liko kwenye kichomeo. Lisipopoza kwa njia yoyote, mabomba yenyewe yana tatizo. Wazee waliotumia majokofu ya mafuta ya taa walikuwa wakiyapindua kichwa chini na kuyaacha hivyo kwa muda, na njia hiyo wakati mwingine husaidia kama vimiminika vimekwama mahali pasipo pake. Haisaidii kama bomba limezibwa na zile chembechembe ngumu. Ukinusa harufu kali inayochoma macho na pua, au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, amonia inavuja. Zima kila kitu, toa watu nje, usilichome wala kulichomelea, na unga huo usiguswe kwa mkono mtupu kwa kuwa ni sumu.

Safari ikiisha na tela likirudi kuegeshwa kwa miezi, funga mtungi na uuondoe, toa chakula chote, futa ndani kwa maji yenye magadi kidogo, na uache mlango umeegemezwa wazi kwa kipande cha mbao ili ukungu usiote. Matundu ya nje yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo, kwa kuwa nyigu hujenga udongo wake ndani ya dohani, na mwali wa kwanza wa safari ijayo utakuta njia ya moshi imezibwa.